Mafuta ya Turkana yasipangiwe ratiba na bei ya pipa

Mhariri,

Kila bei ya mafuta ghafi inapopanda duniani, mjadala kuhusu visima vya mafuta vya Lokichar, kaunti ya Turkana, hufufuka. Inaposhuka, wote hunyamaza. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini mtindo huu umetugharimu.

Kampuni ya Uingereza ya Tullow ilipotangaza Machi 2012 kwamba kisima cha Ngamia-1 kimepata mafuta, pipa la Brent (mafuta ghafi ambayo bei yake hutumiwa kama kipimo duniani) lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 100. Kwa bei hiyo, hata mafuta yenye nta nyingi, yaliyo zaidi ya kilomita 800 kutoka bandari ya Lamu na yanayohitaji bomba la kupashwa moto ili yasigande njiani, yalionekana kuwa biashara ya uhakika. Kufikia Januari 2016 pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 30, kazi ya uchimbaji ikapunguzwa, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukawa unaahirishwa mwaka baada ya mwaka.

Badala ya bomba tukapata malori. Yalianza safari za kwenda Mombasa Juni 2018, yakasimamishwa kwa muda na wenyeji waliodai usalama (na walikuwa na haki ya kudai), na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa takriban 200,000 yaliyouzwa kwa dola milioni 12. Mei 2020, huku bei ikiwa imeporomoka na korona imefunga mipaka, Tullow na mshirika wake Total zilitangaza kwamba hali iliyo nje ya uwezo wao inawazuia kutimiza wajibu wao. Mwaka 2023 Total na mshirika wa tatu, Africa Oil, zilijiondoa, na mwaka 2025 Tullow nayo ikaiuzia kampuni ya Kenya, Gulf Energy, mali zake za Kenya kwa dola zisizopungua milioni 120.

Majirani zetu wa Uganda waligundua mafuta mwaka 2006 na uamuzi wa kuwekeza ukafikiwa Februari 2022, kwa hiyo nao walisubiri. Mwaka 2017 Total ilikubali kulipa dola milioni 900 kwa sehemu kubwa ya hisa za Tullow huko. Mpango huo ulivunjika, na mwaka 2020, bei ikiwa chini, hisa zote zikauzwa kwa dola milioni 575. Mafuta yaliyokuwa ardhini ni yale yale. Ni kweli kwamba Uganda ina akiba kubwa kuliko yetu, lakini leo bomba la kilomita 1,443 linaelekea Chongoleani, Tanga, ilhali letu limebaki kwenye karatasi.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni jinsi mikataba yetu ya kugawana uzalishaji inavyofanya kazi. Kampuni hurejeshewa gharama zake kwanza, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Bei inaposhuka, mapipa mengi zaidi huhitajika kulipia gharama zile zile, na fungu la serikali, pamoja na asilimia 20 ya kaunti na 5 ya jamii zilizotajwa katika Sheria ya Petroli ya 2019, huchelewa na kupungua. Kila mwaka wa kuahirisha huongeza gharama zinazosubiri kudaiwa. Kaunti inayopanga bajeti kwa kutegemea bei ya leo inajitafutia deni.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Kawi itangaze hadharani ni kwa bei gani ya pipa mradi wa Lokichar unaweza kujilipa, bomba likiwemo, na ni gharama zipi zilizokwisha kukaguliwa na kukubaliwa. Naliomba Bunge nalo lisipitishe masharti mapya kabla ya kuonyeshwa hesabu ya pipa likiwa dola 50, si dola 90 pekee.

Msomaji wenu,
Kitale