Mrudishieni mwenzenu uji wake
Wanangu wa kikoba cha Kirumba,

Jumatatu nilimkuta mwenzenu kajilaza mkekani, siku ya tano anakunywa maji matupu. Ana saratani ya titi. Dada yake kaja na mchuzi wa sato, mkamrudisha mlangoni: asile, seli zijile zenyewe, uvimbe ufe. Usiku ule sikupata usingizi.

Kwamba seli hujila ni kweli. Ikikosa chakula, hukusanya sehemu zake zilizochakaa, ikazivunja na kuzitumia upya, kama fundi anayebomoa mtumbwi mkuukuu apate mbao na misumari. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliyachunguza hayo kwenye hamira aliyoinyima chakula, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Ninyi mkaishia hapo. Na saratani ni nini, wanangu? Ni seli! Nayo inajua kubomoa mtumbwi. Kwa mtu mzima wa afya, usafi huo husaidia seli zisiharibike. Uvimbe ukishaota, huutumia huohuo kuvumilia njaa. Ndiyo maana watafiti wamejaribu kuuzima usafi huo kwa klorokwini, ileile tuliyomeza kwa malaria hadi mwili ukawasha usiku kucha. Wao wanatafuta namna ya kuuzima, ninyi mnamnyima uji mama wa watoto watatu ili uwake!

Nimeuguza watu miaka mingi. Saratani hula misuli, na aliyekwisha mwili dawa humshinda. Nimewageuza kitandani wakiwa wepesi kama tenga tupu la dagaa.

Mzima anayefunga Ramadhani au Kwaresima, afunge. Wajawazito na wenye kisukari wanaochoma insulini wamwone daktari kwanza. Na hayo mnayosikia, kwamba kufunga kula huongeza miaka ya kuishi, yameonekana kwa panya wa maabara waliopunguziwa chakula. Kwa binadamu bado hayajathibitika.

Lawama si zenu peke yenu. Mwenzenu aliniambia kuwa alikopimwa alipewa karatasi na tarehe, hakuna aliyeketi naye kumweleza. Mgonjwa asiyeelezwa atasikiliza yanayosambazwa kwenye simu, na simu haikosi la kusema. Tunawaachaje watu wetu na hofu kubwa namna hiyo?

Uji wa ulezi nitampelekea mwenyewe kesho, na sato wa kuchemsha. Alhamisi ana kliniki hospitali ya Bugando. Toeni nauli kwenye mfuko wa jamii, na wawili wenu wawe mlangoni kwake saa kumi na mbili asubuhi.

Mama yenu