Ilunga, usinitumie tena vidonge

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu Ilunga,

Salamu nyingi toka nyumbani. Mama yako hajambo, mahindi tumekwisha vuna, baridi imeanza. Dawa ulizompa yule dereva zimefika. Asante kwa moyo wako, lakini sitazimeza, wala usitume nyingine. Soma mpaka mwisho kabla ya kumpigia mama yako simu na kulalamika kwamba baba ni mbishi.

Wewe unasema goti limevimba, lina joto, linatoa usaha, basi baba atafutiwe antibiotiki kali zaidi. Lingekuwa goti nililozaliwa nalo, tungezungumza. Hili ni la chuma na plastiki, limegandishwa mfupani kwa simenti ya upasuaji. Dawa husafiri na damu, na ndani ya chuma damu haipiti. Vijidudu vikishakaa juu yake hujifunika utando wa utelezi, kama ule wa ndani ya bidoni letu la maji: suuza utakavyo, baada ya siku chache umerudi. Vidonge huua vile vinavyoelea tu. Ndiyo maana nikimeza napata nafuu, hata kile kitundu cha pembeni kinakauka, halafu nikiacha kinafunguka upya.

Tena vidonge vinatuficha adui. Daktari alinichoma sindano gotini, akavuta maji, yakaenda maabara ili vijidudu vioteshwe, hakikuota kitu. Vijidudu vilikuwemo, lakini nilikuwa ningali katika dawa. Sasa anataka nikae angalau wiki 2 bila antibiotiki yoyote, ndipo achome tena. Homa ikinipanda nitakimbizwa hospitali siku hiyohiyo, tumeshakubaliana. Isipokuwa hivyo, simezi kitu.

Ile operesheni ndogo uliyonisimulia, ya kufungua, kuosha, kubadilisha kipande cha plastiki na kuacha chuma, ipo kweli. Inamfaa mtu aliyepasuliwa wiki chache zilizopita, au aliyeshikwa ghafla akawahi. Mimi nimeuguza goti hili msimu mzima wa mvua. Kwangu chuma lazima kitoke.

Hapo ndipo tunapobishana, wewe na mimi. Unataka nifanyiwe yote siku moja: goti la zamani litoke, wasafishe, jipya liingie. Safari moja ya Johannesburg, bili moja. Hata mimi naitamani! Wapasuaji wa Hamburg, Ujerumani, wanafanya hivyo tangu miaka ya 1970. Lakini kwa kawaida wanapenda wamjue kijidudu kabla, ili simenti ichanganywe na dawa inayomweza, na wanataka ngozi na nyama nzuri ya kufunika. Sisi jina la kijidudu hatuna, na ngozi yangu imetoboka.

Njia nyingine ni ya operesheni mbili. Wanatoa goti pamoja na simenti yake yote, wanaweka kipande cha simenti chenye antibiotiki, mara nyingi gentamisini au vankomisini, kishike nafasi. Dawa kama wiki 6, kisha wakiridhika wanarudi kuweka goti jipya. Katika vituo vikubwa, kati ya watu 10 wapata 8 hivi huondokana na ugonjwa. Ni miezi huko Johannesburg kwa shangazi yako, na magongo, na kuogeshwa. Mama yako amekwisha sema atanifuata, na nimeshukuru, maana kuogeshwa na shangazi yako sikubali.

Kuhusu mfuko wako wa dawa: nimekuta rifampisini humo. Hiyo ni dawa ya kifua kikuu, na kweli huwa wanaitumia kwa magoti ya namna hii, ikiwa kijidudu ni stafilokoka, aina moja ya bakteria. Lakini huja baada ya upasuaji, tena pamoja na dawa nyingine, kwa sababu ikimezwa peke yake vijidudu huizoea upesi. Vilevile hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za presha, nami za presha nameza kila asubuhi. Huyo wa farmasi aliyekuuzia bila karatasi ya daktari, usirudi kwake.

Mkubwa wako, yaya Mbuyi, ameniuliza habari ya kukata mguu. Huo ni mlango wa mwisho. Kabla yake wanaweza kuunganisha mifupa, mguu ukabaki umenyooka maisha yote. Yakishindikana yote, mimi nachagua mguu ulionyooka. Kanisani nitakaa mwisho wa benchi. Nimewaandikia wote wawili ili msije mkagombana kwenye korido ya hospitali.

Ukitaka kunisaidia, fungua sanduku lako hapo Kolwezi utafute karatasi ya operesheni ya kwanza. Ina vile vibandiko vya goti: mtengenezaji, aina, saizi. Daktari wa Johannesburg anaihitaji ili aandae vifaa vya kulitolea na ajue nini kinaoana na nini. Ipige picha mbele na nyuma, namba zisomeke, unitumie leo.

Baba yako