Mwanangu, kabla hujakaa kwenye benchi la makocha

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku wazima. Umeniambia unataka kuacha kucheza mpira wa mikono ufundishe timu ya shule, na ukaniuliza mfungaji mzuri hukwama wapi akishakuwa kocha. Mfuatilie Momir Ilić.

Alizaliwa mwaka 1981 Aranđelovac, Serbia. Alicheza beki wa kushoto, kazi ya mfungaji wa mbali: unapokea mpira ukiwa mbioni, hatua zako tatu, unaruka karibu na mstari wa mita 9 na kupiga juu ya mikono ya walinzi. Alipita Gorenje ya Slovenia na Gummersbach ya Ujerumani, na mwaka 2009 akatua Kiel. Akiwa huko alitwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010 na 2012, na msimu wa 2011/12 Kiel walishinda mechi zote 34 za ligi ya Ujerumani. Januari 2012 Serbia walikuwa wenyeji wa mashindano ya Ulaya. Walifungwa na Denmark 21-19 katika fainali mjini Belgrade, lakini mchezaji bora wa mashindano alikuwa Ilić.

Mwaka 2013 akahamia Veszprém, Hungary. Hapa nakuomba utulie. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2016, mjini Köln, Veszprém walikuwa wakiwaongoza Kielce ya Poland 28-19, zikiwa zimebaki kama dakika 14. Tangu hapo walipata bao moja tu. Kielce walipata 10. Ikawa 29-29, muda wa nyongeza 35-35, kisha penati za mita 7, na Kielce wakabeba kombe 39-38.

Piga hesabu. Shambulizi moja huchukua kama nusu dakika, kwa hiyo dakika 14 humpa kila upande mashambulizi yapata 14. Mwenye kuongoza kwa mabao 9 akifunga matano tu, mpinzani atahitaji yote 14 yaingie ndipo asawazishe. Uongozi wa namna hiyo huyeyukaje? Mara nyingi timu huanza kulinda saa. Mabeki wanapasiana wakiwa wamesimama mita 11 kutoka golini, pivoti, yule anayesimama katikati ya walinzi mbele ya goli, hapewi mpira, mwamuzi anainua mkono kuonya kwamba mnapoteza muda. Tangu 2022, mkono ukishainuliwa mna pasi nne tu kabla ya kulazimika kupiga. Mtu anapiga shuti la kulazimisha, kipa anadaka, na winga wa upande wa pili tayari yuko mbio: bao la kushtukiza, goli lenu likiwa na kipa peke yake.

Silaha yako ni mapumziko ya dakika moja. Unayo matatu kwa mechi, yasiyozidi mawili kwa kipindi, na moja tu katika dakika tano za mwisho. Unayaomba timu yako ikiwa na mpira. Pengo likishuka kutoka 9 hadi 6, weka mezani kadi ya kuomba mapumziko. Ukingoja lifike 3, wachezaji wameshaingiwa na hofu. Dakika hiyo taja shambulizi moja tu: pivoti amzuie nani, beki yupi aanze kukimbia, mpira uende wapi shuti likizibwa.

Kwa mfungaji hilo ni gumu, kwa sababu amezoea kumaliza tatizo kwa mkono wake. Ilić alistaafu 2019, na mwaka 2021 Veszprém wakamkabidhi timu. Mwaka uliofuata aliifikisha tena Köln, wakatolewa nusu fainali na Kielce wale wale, 37-35.

Itafute video ya fainali ya 2016, uanzie bao la 28. Chora safu nne: nani alipiga, kutoka wapi, baada ya pasi ngapi, na walinzi wangapi walikuwa wamerudi mpira ulipopotea. Ukimaliza nitumie, tuipitie pamoja Jumapili kwa simu.

Baba yako