Saa za ziada migahawani zilipwe

Mhariri,

Katika migahawa na baa nyingi, mhudumu au mpishi akiulizia saa za ziada huambiwa kuwa mshahara wa mwezi umeshajumlisha kila kitu. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Inayozidi hapo ni ya ziada, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu.

Mara moja na nusu ya nini? Hapa ndipo watu wengi hupunjwa. Mwajiri hugawa mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa 10 au 12 za shifti, na thamani ya saa inaporomoka. Hesabu ya kisheria ni kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, yaani wastani wa wiki katika mwezi, kisha kwa saa 45. Kwa ufupi, gawa kwa 195. Mwenye mshahara wa sh. 260,000 anapata karibu sh. 1,333 kwa saa, na saa ya ziada ni sh. 2,000. Akiingia saa 9 alasiri na kutoka saa 8 usiku, siku sita kwa wiki, ukitoa saa moja ya mapumziko kila siku amefanya saa 60. Anadai saa 15, sawa na sh. 30,000 kila wiki. Hiyo saa ya mapumziko itolewe tu kama alipumzika kweli. Anayekula wima akisubiri oda yuko kazini.

Bado kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na malipo mara mbili kwa sikukuu.

Kuwakata wahudumu wote kwa sababu ya glasi zilizovunjika au mteja aliyetoroka na bili ni dhuluma. Makato ya hasara yanahitaji ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi mwenyewe aliyekosea, na hayazidi robo ya ujira wake.

Madai mengi hufia kwenye ushahidi na muda. Andika kila siku saa ya kuingia na kutoka, piga picha rosta, tunza meseji za malipo. Shauri la ujira lifunguliwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. La kuachishwa kazi ni siku 30. Jaza fomu namba 1 ya Tume, mpe mwajiri nakala, kisha uipeleke Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea.

Maafisa kazi nao wakague migahawa usiku. Anayefika saa 4 asubuhi hukuta shifti iliyoanza kazi muda mfupi tu uliopita, na daftari la mahudhurio likionekana safi.

Msomaji, Dar es Salaam