Swali hili la mtihani wa programu halina jibu

Mhariri,

Nafundisha programu nyakati za jioni hapa Kondele, Kisumu. Wengi wanaonijia ni wanafunzi wa vyuo vya mjini wanaodurusu kwa karatasi za mitihani ya nyuma, na katika karatasi hizo kuna swali ambalo halikomi kurudi. Linasema: katika lugha ya programu ya C, x ni 5; toa thamani ya y baada ya y = ++x + ++x. (++x maana yake ni ongeza 1 kwenye x, kisha utumie thamani mpya.)

Muhula uliopita binti mmoja kutoka Ahero alijibu kwamba swali hilo halina jibu, kwa kuwa C haikuamua x iongezwe lini. Akapewa sufuri. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa kuwa mwalimu ameiendesha programu kwenye kompyuta ya maabara ikatoa 14, kwa hivyo jibu ni 14. Karatasi yake nimeiona kwa macho yangu. Binti huyo alikuwa sahihi, na aliyemsahihisha alikosea.

Kompyuta nyingi za maabara zetu hutumia kompaila (programu inayogeuza tulichoandika kuwa lugha ya mashine) ya GCC, nayo mara nyingi hutoa 14. Wanafunzi wasio na kompyuta huandikia programu zao kwenye simu kwa app ya Termux, ambayo hutumia kompaila nyingine, Clang, na hapo mistari ileile hutoa 13. Hakuna kompaila iliyoharibika. Kanuni rasmi za C, tangu zilipopitishwa Marekani mwaka 1989, zinakataza kigeu kimoja, yaani jina linaloshika thamani kama x, kubadilishwa mara mbili ndani ya usemi mmoja bila kitu cha kutenganisha mabadiliko hayo. Ukifanya hivyo, kanuni haziahidi lolote tena. Wala si kwamba umebakishiwa kuchagua kati ya 13 na 14. Kompaila ina ruhusa ya kutoa chochote.

Nafikiri kosa linaanzia kwenye BODMAS. Tangu shule ya msingi tumekaririshwa kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha, basi mwanafunzi akiona a() + b() * c(), ambapo a, b na c ni fanksheni (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina vifanye kazi na kurudisha thamani) na * ni kuzidisha, anaamini kuwa b na c zitaitwa kwanza, kisha a. Sivyo. BODMAS inaonyesha nani amefungamana na nani: b na c zitazidishwa, kisha zao lijumlishwe na a. Fanksheni ipi iitwe mwanzo ni suala jingine kabisa. Mama akimtuma mtoto mmoja Kibuye kununua omena na mwingine kusaga mahindi, tunajua chakula hakitaandaliwa mpaka wote wafike, lakini nani atatangulia kurudi hatujaambiwa. Katika C, kompaila inaweza kuanza na a, b au c. Katika Java, lugha nyingine ya programu, ni lazima ianze na a, kisha b, kisha c, ingawa kuzidisha bado ndiko kutakakofanywa kabla ya kujumlisha. Haya mawili yatenganishwe darasani tangu mwanzo, kwa mifano, mpaka yaeleweke. Pamfleti za nakala zinazouzwa karibu na steji huyachanganya, na wanafunzi huzikariri neno kwa neno.

Wapo watakaoniambia kuwa hili ni jambo la vitabuni tu. Mwanafunzi wangu mwingine alikuwa akiandika programu ya kupima maziwa kwa ajili ya mradi wake wa mwisho. Mzani unasoma debe likiwa limejaa, kisha likiwa tupu. Aliandika tofauti(soma(), soma()), akitarajia kilo 47 kutoa 7. Kwenye simu alipata 40. Kwenye kompyuta ya maabara akapata hasi 40, kwa sababu kompaila ile ilianza na soma() ya upande wa kulia. Kisa hiki si kama cha ++x. Hapa C inaruhusu mpangilio wowote kati ya miwili, na kompaila haikulazimika kumwonya. Dawa yake ni mistari miwili: soma uzito wa kwanza uuhifadhi kwenye kigeu, soma wa pili uuhifadhi, ndipo utoe. Mkulima wa Bungoma anayesubiri malipo ya maziwa yake hapaswi kutegemea bahati ya kompaila.

Uhuru huu uliachwa makusudi. Dennis Ritchie alipoitengeneza C huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifaa kompaila ya kila mashine ipange hatua kwa namna inayoipa mashine hiyo kasi. Java ya mwaka 1995 ilichagua kutoka kushoto kwenda kulia kila mahali, na lugha ya C# ikafuata njia hiyo. Lugha ya Python pia huenda kushoto kwenda kulia, ila kwenye alama ya = huanza kukokotoa upande wa kulia. Kwa hivyo lile swali la mtihani likiulizwa kwa Java lina jibu moja la haki, 13. Kwa C halina, na hili si jambo jipya: kitabu cha Brian Kernighan na Ritchie mwenyewe cha mwaka 1978 kilishaonya dhidi ya a[i] = i++, ambapo i inatumiwa na kuongezwa ndani ya usemi mmoja, kwa sababu iyo hiyo.

Walimu wenzangu, kabla ya kupeleka swali la C kuchapishwa, liendesheni kwa GCC mkiwa mmeongeza -Wall, chaguo linaloiamuru itoe maonyo. Kompaila yenyewe itawaambia kwamba hesabu ile juu ya x huenda haina maana iliyowekwa. Kama mnataka kupima uelewa, ulizeni hivi: a inachapisha herufi A, b inachapisha B, c inachapisha C, Java itachapisha nini kwa a() + b() * c(), na kwa nini C haiwezi kuahidi vivyo hivyo? Hilo litawatenganisha walioelewa na waliokariri.

Na chuo kilichompa binti yule sufuri, karatasi yake bado mnayo. Naomba isahihishwe upya na arudishiwe alama zake.

Mwalimu wa programu,
Kondele, Kisumu