Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vituo vya Kujifunzia vya Zamu

Walimu wenzangu,

Asanteni kwa kufika, hasa mliotoka Kayole na Dandora asubuhi na mapema. Hesabu zitasomwa na mweka hazina, na habari za wanachama wapya anazo katibu. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: vituo vya kujifunzia vya zamu. Kundi moja hukaa na mwalimu, la pili hufanya mazoezi kwenye vishikwambi, la tatu hufanya kazi ya kadi na daftari, kisha makundi hubadilishana.

Tulianza kwa kuhesabu vishikwambi. Shule zetu nyingi bado zinategemea vile vilivyoanza kuletwa na serikali mwaka wa 2016 kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na betri za vingi zimechoka. Mikutano ya muhula wa kwanza ikaishia kwenye chaja na stima. Mimi ndiye niliyeivuta huko, na nilikosea.

Nililigundua kosa hilo katika somo la sehemu, Gredi ya 4. Nilikuwa nimeketi na wanafunzi 20 kati ya 60. Nikamwuliza msichana mmoja ipi kubwa, thuluthi au robo. Akasema robo, kwa kuwa 4 inaishinda 3. Nikawageukia wenzake, wengi wakamuunga mkono. Na somo hilo nilikuwa nimelifundisha ubaoni wiki nzima, darasa likiitikia "ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja! Tukachukua karatasi za duara tukaziita chapati, moja tukaigawia watu watatu, nyingine wanne. Msichana yule akaviweka vipande viwili kimoja juu ya kingine, akanyamaza, kisha akacheka. Vishikwambi na kadi vilikuwa vimenishikia wale 40 wengine ili niweze kuwasikia hawa 20. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya vituo iko hapo, penye kiti cha mwalimu.

Wengi mmeniuliza kuhusu utafiti. Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa mwaka wa 2010 uchambuzi wa tafiti nyingi, ukaonyesha kwamba waliofundishwa kwa njia mseto, yaani mtandaoni pamoja na ana kwa ana, walipata matokeo bora kiasi kuliko waliofundishwa ana kwa ana pekee. Lakini waandishi wenyewe walitahadharisha: mara nyingi wanafunzi hao walipata pia muda zaidi na nyenzo zaidi, na tafiti zilizohusu watoto wa shule zilikuwa chache mno. Nawasihi tusiutumie uchambuzi huo kumsukuma mwalimu mkuu yeyote anunue vifaa.

Kilichotukwamisha zaidi ni ratiba. Kipindi cha dakika 35 ukikigawa kwa vituo vitatu, ukatoa muda wa kuhama, mtoto anafungua daftari na zamu yake imekwisha. Waliofanikiwa ni waliopewa vipindi viwili mfululizo: dakika 70, vituo vitatu vya dakika 20, na 10 za kuhama na kufunga somo. Na pale ambapo madawati yamebanana hata mwalimu hapiti vizuri, wanachama wetu wa Eastleigh wameacha kuwahamisha watoto. Kikapu cha vishikwambi na bahasha za kadi ndivyo vinavyozunguka, na mwalimu naye huhamisha kiti chake. Ni mbinu nzuri sana. Mwenye darasa dogo lenye watoto wengi aijaribu kabla ya kukata tamaa.

Kituo kisicho na mwalimu huvurugika upesi. Kiongozi wa kundi, na kadi yenye maagizo matatu tu, vimesaidia.

Kamati inaomba idhini yenu leo iwaandikie walimu wakuu wetu, Hisabati ipewe vipindi viwili mfululizo angalau mara moja kwa wiki kuanzia Januari. Seti za kadi za sehemu ziko kwa katibu, pale mlangoni. Andika jina lako na la shule yako, uchukue seti moja, na uirudishe mwisho wa muhula wa kwanza ili mwenzako naye aitumie.