Barua kwa Wanangu Mnaotuita Ughaibuni

Assalaam alaykum wanangu wa Maskati, Dubai, London na kwengineko,

Nakuandikieni kutoka Wete, nimekaa barazani, magoti nimeyanyoosha kwenye mkeka kwa kuwa bado hayajanisamehe safari ya Salalah, kule kusini mwa Oman. Binti yangu aliyeko Maskati haya yote ameshayasikia kwangu mwenyewe, kwa hivyo simsengenyi.

Walikuja kunichukua mwezi wa Juni, yeye, mumewe na mjukuu wangu wa mwaka na nusu. Gari hadi Mkoani, boti hadi Unguja, kisha ndege, mwendo wa saa tano hivi. Hapo sina la kulaumu. Ndege ilipoanza kushuka mama mtu akamnyonyesha mwanawe masikio yasimuume, akatulia tuli. Dawa zangu za presha nilizitia mkobani, si kwenye sanduku, nanyi waambieni wazee wenu wafanye vivyo hivyo.

Tabu ilianza Julai. Joto la Maskati mwezi huo hupita nyuzi 40, mchana mtu hatoki. Wakaona twende Salalah, ambako msimu huo hunyesha manyunyu na milima ikawa kijani. Wenyewe huuita kharifu. Kwa gari! Kilomita kama 1,000, sehemu kubwa jangwa tupu. Nia yao ilikuwa njema, walichelea nisichoke kukaa ndani. Lakini hesabu ya njia waliipiga kwa nguvu zao wenyewe: kutoka alfajiri, kufika usiku, kusimama mara mbili tu kutia mafuta.

Mjukuu wangu alitaka kushuka atembee. Mimi nilitaka kwenda haja na kunyoosha miguu, na sala, ingawa msafiri ameruhusiwa kuipunguza na kuikusanya, inataka gari lisimame. Nikaona haya kusema. Yeye hakuona haya, alilia mpaka tukafika Haima, kijimji cha katikati ya jangwa, na kila aliposimamishiwa gari ndipo na bibi yake akapata nafuu. Nikacheka peke yangu kule nyuma: kumbe mimi na huyu mtoto haja zetu ni zile zile, ila yeye ana sauti.

Basi mkipanga safari, ipimeni kwa hao wawili. Kila baada ya saa mbili shukeni, hata kama hakuna anayelia. Njia ndefu ikateni kwa kulala mahali usiku mmoja, au pandeni ndege. Maskati hadi Salalah haizidi saa mbili. Wala msimuulize mzee kama amechoka, maana atasema hajachoka. Simamisheni gari tu.

Na mimi nilikosa. Mtoto alipozidi kulia nilimfungua kwenye kiti chake nikampakata. Binti yangu akaweka gari pembeni, akamrudisha na kumfunga mikanda bila ya kunitazama. Nilinuna hadi usiku. Lakini haki ilikuwa yake: gari likifunga breki kwa mwendo ule, mikono ya bibi haizuii kitu. Tukatazeni, wanangu, ila tuambieni nyumbani kabla ya kupanda gari, si mbele ya mkwe.

Salalah penyewe pazuri, sitosema uwongo. Ila walinishusha kwenye vibanda vya madafu na ndizi kando ya njia, wakanipiga picha chini ya mnazi. Mtu wa Pemba! Nikanywa dafu, nikawaambia la kwetu tamu zaidi.

Sasa lile lililonikaa moyoni. Tuliporudi wao walirejea kazini, mimi nikabaki na mtoto tangu asubuhi hadi magharibi, ghorofa ya tano, jirani simjui. Niliitwa "mama njoo upumzike." Kumlea mjukuu wangu hakunichoshi kama kule kuitwa mapumzikoni nikakuta kazi. Mngesema tangu mwanzo kwamba mnahitaji mlezi, ningekuja kwa nia hiyo, na mbeleko yangu begani, na siku za kupumzika tukapatana mapema. Nilinyamaza wiki nzima, kisha nikasema. Binti alilia. Ijumaa iliyofuata akabaki nyumbani yeye, mimi nikapelekwa sokoni Matrah, nikakuta wauzaji wanaonijibu kwa Kiswahili, nikashinda huko.

Jengine dogo: mzee aliyepita miaka 60 msimpeleke kuchanjwa homa ya manjano kwa mara ya kwanza kabla hajaonana na daktari, na chanjo hiyo inatakiwa siku 10 kabla ya safari. Msiikumbuke mkiwa uwanjani.

Wameniita tena. Nimewajibu nitakwenda Januari, joto likiwa limepungua, na kwamba sipandi gari la Salalah. Tiketi wakate nne: mjukuu wangu atakuwa ameshatimiza miaka miwili, wala hapakatwi tena ndani ya ndege.

Bibi yenu,
Wete, Pemba